Tawi la Mwaka Jana

Lori la kabichi likiteremka kutoka Mgeta, Mama Perpetua alijikunja juu ya magunia, uso ndani ya khanga. Fundi Wilfred, aliyemjengea kaunta ya jikoni, alikuwa akibishana na dada mmoja aliyepandia njiani.

"Kesho Jumatano ya Majivu," alisema dada. "Tawi langu la Jumapili ya Matawi nililichomeka juu ya dirisha la jikoni. Nisipopanda kaunta, nitalipelekaje kanisani likachomwe?"

"Kaunta ni ya masufuria, dada. Ipande uone kama hutapokewa na sakafu!"

"Wewe umesimama juu ya kabichi, korongo hilo hapo, halafu unaogopa zege?"

"Kabichi sikuzijenga mimi."

Watu wakacheka. Mama Perpetua hakucheka. Juzi alimwambia fundi kwamba kaunta imepasuka yenyewe, naye maskini akaomba radhi.

Fundi akageuka, akaliona tawi kavu likichungulia kwenye khanga ya Mama Perpetua, kisha mwenyewe. "Shikamoo mama! Mcha Mungu huyu hasemi uongo. Hebu mweleze dada, la kwako umelishushaje?"

"Marahabaaa," aliitikia Mama Perpetua, akaivuta marahaba hiyo mpaka lori likasimama mbele ya kanisa, akaruka chini bila kushikwa mkono.