Fundi Peter wa Stoo ya Jumamosi, na Wimbo Alioufuta kwa Mkono Wake

Wazee wetu shikamooni, wachungaji, masheikh, uongozi wa chuo, majirani wa Manundu na ninyi mliotoka Handeni tangu alfajiri, poleni na safari, poleni na msiba. Mimi ninayesoma ni mpwa wa marehemu, mtoto wa dada yake, na ijapokuwa ukoo huu una wenye digrii zao, wamekaa hapo mbele na miwani, kikao cha familia kilikubali jana kuwa sauti ya kufika mpaka nyuma ya turubai ninayo mimi peke yangu, kwa hiyo shule niliyoiacha kidato cha pili isiwatie hofu, nitasoma polepole na mtaelewa.

Marehemu Peter Mikaeli Shemtoi alizaliwa tarehe 14 Machi 1966 huko Lutindi, wilaya ya Korogwe, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita wa marehemu mzee Mikaeli Shemtoi, akabatizwa mwaka huohuo katika kanisa la misheni, ambako, kwa ushuhuda wa mama yangu aliye hapa, alitolewa kwenye kwaya ya watoto akiwa na miaka tisa kwa sababu kila wakifika kwenye kiitikio alikuwa anawapoteza wenzake, akapewa kazi ya kubeba vitabu vya nyimbo, na tangu siku hiyo akawa mtu wa kuwabebea wengine nyimbo zao.

Alisoma shule ya msingi hapohapo Lutindi kuanzia mwaka 1974 hadi 1980, akajifunza ufundi wa umeme mjini Tanga kuanzia 1983 hadi 1985, na mwaka uliofuata akafungua banda la kutengeneza redio hapa Manundu, ambako kwa miaka ishirini na moja alizifungua redio za watu, akazitandaza mezani kama dagaa, na kumwambia mwenye redio aje kesho, kesho ambayo wengine mliokaa hapa bado mnaisubiri.

Pembeni ya banda lake alikuwepo fundi cherehani aitwaye Catherine, aliyekuwa akishona huku anaimba, na marehemu alikaa na redio ya binti huyo mwaka mzima akidai kifaa hakijapatikana, wakati redio yenyewe ilikuwa nzima, ilimradi binti apite kila siku kuiulizia. Walifunga ndoa tarehe 4 Juni 1994, na Mungu akawajalia watoto wawili, Ritha mwaka 1995 na Mikaeli mwaka 1999, ambaye ni wajina wa babu yake.

Mwaka 2007 aliajiriwa kuwa fundi umeme wa chuo, na chuo kilipoanzisha redio yake mwaka 2010 alikabidhiwa chumba kilichokuwa stoo ya mahindi ya wanafunzi, akafukuza panya, akatundika mablanketi ukutani na trei za mayai darini, akaanzisha kipindi cha Stoo ya Jumamosi, saa nne asubuhi, muziki wa moja kwa moja, yaani hakuna kuja na wimbo kwenye flashi, unakuja na ngoma yako, gitaa lako na koo lako. Alikuwa na utaratibu wake, kwamba mgeni hasimami mbele ya maikrofoni kabla hajanywa chai na kuulizwa habari za kwao, kwa sababu, alikuwa anasema, mtu akiingia na aibu, aibu nayo inarekodiwa, na chai yenyewe aliipika mwenyewe, nzito kama uji, Mungu amsamehe kwa hilo.

Kompyuta ya stoo ilikuwa moja, kuukuu, inajaa kila mara, na hapo ndipo alipojiwekea sheria iliyowafanya wakubwa wake wamcheke, kwamba wimbo wa mtu ni amana na haufutwi mpaka mwenyewe aulizwe, hata kama mwenyewe yuko Kwaluguru juu ya mti anarina asali na simu haipatikani.

Jumamosi ya tarehe 16 Agosti 2014 kikundi cha ngoma kilichokuwa kinatoka Handeni kiliharibikiwa na gari njiani, saa nne ikafika stoo ni tupu, na Mama Ritha, aliyekuwa amepita tu kuleta maandazi, akasukumwa na wanafunzi mpaka mbele ya maikrofoni. Aliimba wimbo wa Kishambaa wa kubembeleza mtoto alioupokea kwa bibi yake, dakika nne, bila ala yoyote, na marehemu alisahau kuangalia mitambo yake, akabaki amemwangalia yeye kama siku za banda.

Tarehe 20 Novemba mwaka huohuo, mkesha wa mahafali, kompyuta iligoma kupokea chochote, ikabidi wimbo mmoja utoke ili hotuba za kesho yake zipate nafasi. Nyimbo za wengine zilikuwa na wenyewe huko mbali, na mwenye wimbo pekee aliyeweza kuulizwa jioni hiyo alikuwa nyumbani anapika makande. Marehemu alikwenda jikoni, akamweleza, na mkewe akamjibu bila kugeuka, "Futa tu, Baba Ritha. Mimi nipo, nitakuimbia hata kesho."

Akarudi akafuta. Jumamosi zilizofuata kila mara kulikuwa na mgeni kutoka mbali, na mkewe, kama mwenye nyumba, akawa anasubiri zamu, mpaka tarehe 9 Januari 2015, Mama Ritha alipoanguka kwenye cherehani yake kwa shinikizo la damu na kufariki siku hiyohiyo, akiwa na miaka arobaini na mitatu.

Jumamosi ya tatu baada ya mazishi marehemu alirudi stoo, na kipindi kilipokaribia kwisha akasogea kwenye maikrofoni, yeye ambaye hakuwahi kutangaza hata saa, akaomba kwamba aliyeurekodi wimbo wa Mama Ritha kutoka redioni, hata kipande, amsikilizishe. Aliomba hivyo kila Jumamosi kwa miaka zaidi ya kumi. Sisi wa familia tulimwambia apumzike, wengine tulimtania, na mimi mwenyewe, kwa ujuzi wangu wa kutengeneza midundo kwenye simu, nilimwahidi kumtengenezea wimbo mwingine mzuri kuliko ule, mjomba akanipa waya nishike.

Watu walikuja. Mzee Mdoe wa Kwaluguru alikuja na kaseti, ilipowekwa ikawa ni mpira wa mwaka 2001, na kwa kuwa mzee alikuwa ameshapanda basi na ameshakunywa ile chai, marehemu akamuuliza kama anajua kupiga chochote, kumbe zeze lilikuwa kwenye kikapu. Akaja binti kutoka Kang'ata, Munira, na simu yenye wimbo wenyewe, marehemu akausikiliza mpaka mwisho amefumba macho, kisha akamwambia taratibu kwamba huyu si mke wangu, mwanangu, huyu ni wewe. Munira akalia, akakiri kuwa aliusikia mara moja tu akiwa msichana, akajirekodi akidhani mzee akiupata atatulia. Marehemu hakumgombeza, alimpa saa nzima ya kipindi, na leo harusi haiwi harusi kutoka Handeni hadi Muheza mpaka Munira aimbe, na yuko hapa anajifuta macho, msimwangalie.

Hivyo ndivyo stoo ilivyojaa, kwa watu waliokuja kutafuta kilichopotea wakaacha cha kwao, Wazigua na ngoma zao, vijana wa kufokafoka, akina mama wa kwaya, wafugaji waliodai hawana ala maana koo zinawatosha. Mwaka 2019 Muhsin, aliyekuwa mwanafunzi na sasa ndiye mkuu wa redio, alianza kuvipandisha vipindi hivyo mtandaoni kama podkasti, pamoja na lile ombi la mwisho wa kipindi, ingawa marehemu hakuwa na imani na kitu asichoweza kukifungua kwa bisibisi.

Mwaka 2022 kisukari kilianza kumharibia figo, akatibiwa Korogwe na Tanga, na mwezi Agosti mwaka huu wa 2025 alilazwa, akawa anatoa ombi lake la Jumamosi kupitia simu ya Muhsin, sauti imekuwa nyembamba. Sisi tuliokaa naye wodini tulijua anachokihofia. Kufa alishakubali, aliogopa kufa akiwa yeye ndiye mtu wa mwisho aliyeisikia sauti ile na yeye ndiye aliyeifuta.

Jumamosi ya tarehe 20 Septemba saa saba mchana aliingia wodini mama mmoja mfugaji, Nashipai, kutoka Kiteto, na binti yake mkubwa anayesoma hapo chuoni. Alieleza kwamba mwaka 2014, wakiwa bado Handeni, mtoto wake mchanga alikuwa halali, wimbo ukapita redioni mtoto akanyamaza, naye akawahi kubonyeza simu yake ya vitufe akaunasa uliporudiwa jioni ile. Mwaka uliofuata ukame uliwahamisha na ng'ombe mpaka Kiteto, redio ya chuo haifiki huko, hakujua kama unatafutwa, mpaka likizo hii binti alipomsikilizisha podkasti nyumbani. Simu ilishakufa, lakini kadi yake alikuwa ameihifadhi ndani ya kopo la shanga.

Binti aliiweka kadi kwenye simu yake. Kwanza walisikika ng'ombe, kengele ya ndama, Nashipai anamfukuza mbwa kwa Kimaasai, kisha katikati yao Mama Ritha, mdogo, mbali, mzima. Marehemu alishika simu kwa mikono miwili sikioni dakika zote nne. Muhsin, kwa nia njema, akasema mitambo ya siku hizi inaweza kuwaondoa ng'ombe wote ibaki sauti tupu.

"Waache hao ng'ombe," marehemu akasema. "Wamekaa naye miaka kumi na moja."

Siku kumi na mbili alizobakiza alizitumia kwa kazi moja. Kila aliyemkaribia, mgonjwa wa kitanda cha pili, muuguzi wa zamu, mchungaji aliyekuja kumwombea, alimwambia atoe simu yake kwanza auchukue wimbo, kwa sababu hakutaka tena ukae mahali pamoja. Alifariki Alhamisi tarehe 2 Oktoba 2025, saa tisa alasiri, daktari aliyekuja kuthibitisha naye akiwa nao mfukoni.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Korogwe na Tanga, chuo na wanafunzi wake, majirani mliopika na kulala nasi, Mzee Mdoe, Munira, na kipekee Mama Nashipai, ambaye hatuna cha kumlipa. Ambao bado hamjaupata wimbo, baada ya mazishi msiondoke, mfuateni Ritha pale kwenye turubai, simu ziwe na chaji.

Mjomba, ulituambia mara nyingi tuje kesho, leo zamu yetu kukwambia usiwe na haraka ya kuamka. Pumzika kwa amani kando ya mkeo.