Fundi Ulimi na Kisima cha Mama Mkwe

Ndugu, jamaa, majirani na wote mlioacha shughuli zenu kuja kutushika mkono, familia inawaomba mkae vizuri, maana historia hii iliandikwa na mjane, ikapunguzwa na watoto, kisha mama mkwe wa marehemu akaisikia na kuamuru yote yaliyopunguzwa yarudishwe.

Marehemu, ambaye wengi wenu mnamjua kwa jina la Fundi Ulimi, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa nne kati ya saba wa baba seremala na mama mshonaji, katika nyumba ya vyumba viwili iliyokuwa nyuma ya karakana ya baba yake, na kwa ushahidi wa dada yake mkubwa, alianza kula udongo kabla hajaanza kutembea, na alipokatazwa udongo wa nyuma ya jiko alihamia ule wa mbele ya mlango, akarudi nyuma ya jiko, ikaonekana wazi kuwa anao anaoupenda zaidi.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1959 hadi 1965, na sekondari kuanzia 1966 hadi 1969, ambako alifaulu jiografia na kuponea chupuchupu katika masomo mengine yote, kisha akajiunga na chuo cha mafundi wa maji mwaka 1970, akahitimu mwaka 1972. Huko chuoni mwalimu wao mkuu wa uchimbaji aliwafundisha kwamba mchanga hupitisha mvua kwa urahisi, na mvua hiyo huosha chumvi na kwenda nayo, lakini udongo wa mfinyanzi ni bahili, vitundu vyake ni vidogo mno, maji hupita humo kwa kujikokota, na chumvi iliyoingia zama za kale bado imo, kwa hiyo aliyepata maji matamu kwenye mchanga, kisha akagusa mfinyanzi, asimame hapo hapo, asije akautoboa na kuyakaribisha maji ya chumvi yaliyolala chini yake. Marehemu aliyaandika maneno hayo kwenye daftari lake na kuyapigia mstari mara mbili, na daftari lenyewe lipo, tumeliona.

Aliajiriwa na idara ya maji tarehe 2 Januari 1973, akapandishwa cheo kuwa fundi wa mtambo wa kuchimba visima mwaka 1976, na jina la Ulimi alilipata kazini, kwa sababu kila udongo ulipotoka shimoni alichukua kidogo kwa ncha ya kidole, akaonja, akafumba macho, akatamka kama maji yatakuwa ya chumvi au la, wenzake wakiwa bado wanahangaika kukitoa kipimo kwenye sanduku. Wenzake hao, ambao tunao hapa, wanasema katika miaka thelathini na sita ya utumishi wake alikosea mara moja tu, na kwa bahati mbaya mara hiyo ilikuwa ukweni.

Mwaka 1977 marehemu alimpenda mwalimu wa hesabu, akapeleka posa, akakuta mama wa binti, ambaye ni mjane, ana kisima cha kuchimbwa kwa mkono, cha mita saba, chenye maji matamu yaliyokuwa yakitekwa na mtaa mzima, ila wakati wa kiangazi yalipungua, na marehemu, akitaka kupendwa, akaahidi kumchimbia kingine pembeni yake. Jumamosi tarehe 6 Agosti 1977 alifika na mtambo mdogo, kwa kibali cha ofisi, akapata maji mazuri mita ya kumi, akagusa mfinyanzi mita ya kumi na mbili, na angesimama hapo tusingekuwa na historia ndefu leo, lakini mama mkwe mtarajiwa alikuwa ametoa kiti na kuketi kutazama, na kaka wa bibi harusi alikuwa amesema kwa sauti kwamba kumbe kazi yenyewe ni fupi hivyo. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, marehemu akaendelea, akautoboa mfinyanzi wote, na mita ya ishirini na mbili maji yakapanda yenyewe kwa nguvu, watu wakapiga makofi, naye akaonja, akanyamaza, kisha akasema maji mapya huhitaji muda wa kutulia.

Hayakutulia. Chumvi ya chini ilipanda kupitia shimo lile ikaingia kwenye mchanga, na baada ya wiki tatu hata kisima cha zamani kikaharibika, mtaa mzima ukaanza kuteka kwa jirani wa pili, na chai ya nyumba ile ikawa ya kunywewa kwa adabu tu. Mama mkwe hakuvunja uchumba, ila alimwita marehemu sebuleni na kumwambia, "Binti mchukue, lakini maji yangu utayarudisha." Ndoa ilifungwa tarehe 22 Aprili 1978, wakajaliwa watoto watatu, wa kwanza mwaka 1979, wa pili 1982, na wa mwisho 1987, na kila marehemu alipokwenda ukweni aliwekewa bilauri ya maji ya kisima kile, imejaa hadi mdomoni, na mama mkwe akakaa mbele yake hadi aimalize, wala hakuna siku aliyoikataa. Daktari alipompa onyo la shinikizo la damu mwaka 2003 na kumtaka apunguze chumvi, marehemu alimjibu kwamba jambo hilo liko juu ya uwezo wake, ni la ukweni.

Kwa miaka yote hiyo marehemu alishikilia kwamba mkosaji ni udongo. Alilisema hilo harusini, ubatizoni, na kwenye foleni ya benki, na alipostaafu mwaka 2009 aliandika ripoti ya kurasa kumi na sita kuhusu jinsi udongo wa mfinyanzi unavyotia chumvi maji ya ardhini, yenye michoro mizuri ya rangi, akampa mkewe aisome. Mkewe alisoma hadi mwisho, akarudi ukurasa wa tisa, akamuuliza kwa upole: kama chumvi ilikuwa imefungiwa chini ya mfinyanzi kwa maelfu ya miaka, ni nani aliyeifungulia mlango. Marehemu alikasirika siku nne.

Jumapili tarehe 13 Februari 2011 alikwenda ukweni peke yake, amevaa suti, akakataa kiti, akasema, "Mama, si udongo. Ni mimi. Nilijua pa kusimama, sikusimama." Mama mkwe akamjibu kwamba alilijua hilo tangu siku ile aliponyamaza, na kwamba amekuwa akisubiri miaka thelathini na tatu kulisikia kinywani mwake. Mficha uchi hazai, na marehemu alipokiri tu akili ikamfunguka, Machi mwaka huo akaliziba shimo lake kwa vidonge vya mfinyanzi mkavu, ambao ukilowa huvimba na kubana, akavuta maji ya chumvi kutoka kisima cha zamani kwa pampu miezi mitatu, kisha akaiachia mvua kazi iliyobaki, akawa anakwenda kila mwezi kuonja, chumvi ikapungua mwaka hadi mwaka, polepole kiasi cha kumtia mtu wazimu.

Marehemu alianza kuugua figo mwezi Juni 2019, akalazwa mara tatu, na dawa zikamwondolea ladha kabisa, jambo lililomuumiza kuliko ugonjwa wenyewe. Jumapili tarehe 7 Novemba 2021 mama mkwe, mwenye miaka themanini na tisa, alipanda ngazi za wodi na chupa ya maji ya kisimani, marehemu akanywa kidogo kwa ruhusa ya muuguzi, akayazungusha mdomoni, akafumba macho kama kawaida yake, asisikie chochote, machozi yakamtoka, akauliza, "Mama, ni matamu?" Mama mkwe akayanywa yaliyobaki yote mbele yake, taratibu, akafuta mdomo, akasema, "Matamu, mwanangu." Marehemu alifariki Alhamisi tarehe 11 Novemba, saa nne asubuhi, akiacha mjane, watoto watatu na wajukuu watano.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa subira, majirani waliotupikia na kutupangia viti tangu siku ya msiba, na wafanyakazi wenzake wa idara ya maji, ambao jana, kwa mapenzi mema, walikwenda ukweni kupima chumvi ya kisima kile na kutuandikia namba kwenye karatasi hii. Mama mkwe ameomba namba hiyo isisomwe, kwa kuwa yeye ndiye mwenye kisima na alishatoa jibu, nasi hatuisomi.

Fundi, kazi yako imepokelewa na mwenyewe. Pumzika kwa amani.