Mitungi Tisa ya Kwamboka

Waombolezaji wapendwa, mimi ni Loice, dada mkubwa wa marehemu, na familia imenipa karatasi hii niisome kwa sababu wengine wote wanalia, mimi nililia mapema nikamaliza.

Marehemu Jasper Nyangau alizaliwa tarehe 14 Machi 1957 hapa Magwagwa, mtoto wa pili wa marehemu Manasseh Anyona na marehemu Tryphosa, akalia siku tatu mfululizo, na majirani wakasema huyu atapenda kusikilizwa, nao hawakukosea.

Alisoma hadi darasa la saba mwaka 1972, akaongoza kwa hesabu, jambo ambalo tuliambiwa kila tulipokula pamoja kwa miaka hamsini, na mimi niliyeishia darasa la nne nilikuwa wa kunyamaza. Alijifunza ufundi wa mitambo Kisumu mwaka 1976, akafanya kazi katika kiwanda cha majani chai hadi alipostaafu mwaka 2015. Tarehe 9 Desemba 1983 alimwoa Phanice Mokeira, naye Phanice amevumilia, wakajaliwa watoto wanne, wote wako hapa, wawili wamesalimiana leo asubuhi tu.

Mwaka 2019 kijiji kilipata pampu ya pistoni, marehemu akawa mwenyekiti wa maji, akapiga hesabu, akasimama mbele ya kanisa akatangaza kwamba kila dakika tutachota mitungi kumi na miwili ya lita ishirini. Pampu ilipotoa mitatu, hakurudi kwenye daftari, alimgeukia Kwamboka, mjane anayeishi karibu na pampu, akamuuliza, "Mama, hiyo mitungi tisa unaipeleka wapi?" Kwamboka akasema hata akiogesha ng'ombe wa Nyamira yote hawezi kumaliza mitungi tisa kwa dakika, watu wakacheka, halafu hao hao wakakubali mfereji wake ufungwe. Miaka sita amechota mtoni, akatolewa kwenye chama cha akina mama, na habari za wizi wake nilizifikisha mimi mwenyewe hadi Keumbu, na nilizifikisha vizuri.

Marehemu aliugua kisukari tangu Januari 2024, na alipokatwa mguu mwezi wa Novemba akaniomba nimsomee lile daftari, nikasoma, pistoni upana sentimita kumi, mwendo wake sentimita ishirini, mapigo arobaini kwa dakika, akasema, "Loice, nilizidisha kumi kwa kumi, ilifaa nichukue nusu ya upana, tano kwa tano." Kumbe kusahau nusu hiyo kunafanya maji yawe mara nne kwenye karatasi, na pampu ilikuwa ya mitungi mitatu tangu siku ya kwanza. Nikamuuliza kama nimwite Kwamboka, akasema, "Ngoja nife kwanza." Alikufa tarehe 3 Juni 2025, saa nne asubuhi, kwa hiyo nimengoja.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wenzake wa kiwandani, majirani walioleta ndizi na kuni, na Kwamboka, ambaye tangu Jumatatu amebeba maji ya mtoni ya kuwapikia wageni wa mtu huyu. Fundi Ondieki, spana ninaiona mfukoni mwako, na mfereji wake uko pale nyuma ya hema, nenda ukaufungue.

Pumzika kwa amani, Jasper, tukisikia maji kwa Kwamboka tutaanza kutupa udongo.