Bwana Ndoo na Mlango Wake Mmoja

Mama Buli alikuwa ameinamia beseni, anasuuza vikombe vya kahawa vya wateja wa asubuhi, Kipaza alipotokea anahema kama aliyetimuliwa na mbwa. Kipaza ana biashara mbili: vocha za simu anauza, habari anagawa bure. Alijitupa kwenye benchi linalotazamana na geti la kiwanda cha ndoo, katikati ya wenyewe wa benchi. Kulia alikuwepo Wakili, ambaye mahakamani aliingia mara moja tu, naye ndiye aliyeshtakiwa. Kushoto, Fundi Viatu, ambaye akipata wa kubishana naye sindano inalala.

— Wamembeba! Bwana Ndoo wamembeba!

— Kina nani wamembeba? akauliza Wakili.

— Uhamiaji. Wamemtoa kwake na kandambili mguuni. Hata chai hakumaliza.

Mkono wa Mama Buli ukasimama ndani ya maji. Binti yake mkubwa alikuwa zamu, ng'ambo ya lile geti, akipanga ndoo. Kahawa ilikuwa inanunua sabuni na mkaa tu. Chakula cha nyumba kilitoka kwa binti.

— Nilisema mimi, Wakili akakunja nne. Kesi ni pasi ya kusafiria. Ana pasi mbili, ya huku na ya kwao.

— Kwao wapi? Fundi akadakia. Mtu kaingia mji huu na ndoo kichwani, anauza mlango kwa mlango, leo hakuna harusi wala msiba usiotumia ndoo yake. Anaongea kuliko wewe uliyezaliwa hapa.

— Kuongea si uraia.

— Basi wewe ungekuwa rais.

Kipaza akapiga paja.

— Pasi tatu! Na kila pasi ina mke wake!

— Mke gani, bwana? Fundi akashusha sauti. Wakubwa wameitamani mali. Kajenga zahanati, wakazindua wao. Katoa ndoo za uchaguzi, wakagawa wao. Kilichobaki ni kiwanda.

— Na wafanyakazi anaowatesa je? akauliza Wakili. Hilo husemi, kwa sababu unamshonea viatu.

— Namshonea, ndiyo. Na anashukuru. Wewe kahawa unayokunywa hapa umeshamshukuru nani?

— Nyie wote hamjui kitu, Kipaza akawasogelea, macho pande zote. Bwana Ndoo alishakufa zamani. Huyu ni mdogo wake. Yule wa kwanza alikuwa anashika kalamu kwa kushoto.

— Mguu nimeupima mimi. Ni uleule!

— Ndugu hawafanani miguu?

Mama Buli akajifuta mikono kwenye kanga.

— Sasa kiwanda kitafungwa?

— Mama Buli, mimina kahawa, akasema Wakili. Haya ni mambo ya sheria.

Akamimina, maana ndiyo kazi iliyomweka pale. Lakini sikio lilikuwa ng'ambo. Mashine zilikuwa zimenyamaza. Umeme ulikuwa umekatika, na juu ya paa la mabati moshi mwembamba ulikuwa unatoka, ule wa plastiki iliyokwama ndani ya mashine ikiwa bado ya moto.

Hapo ndipo dereva wa lori alipovuka barabara. Alikuwa mgeni, ameleta mzigo, amepiga honi mpaka amechoka.

— Habari zenu, wakubwa. Mlinzi anasema hana ufunguo. Anao nani?

— Mwenyewe Bwana Ndoo, akajibu Fundi. Tangu waibiwe, asubuhi watu wakishaingia anafunga kwa mkono wake, anarudi kwake, jioni anakuja kufungua. Ufunguo haulali kwa mtu mwingine.

— Yuko wapi?

— Si ndiyo tunayoongea hapa? Kachukuliwa.

Dereva akageuka kulitazama geti.

— Mbona nasikia watu wanagonga?

— Wafanyakazi hao, akasema Kipaza.

— Sasa hao watatokea mlango gani?

Benchi zima likageukia ukuta. Wake za Bwana Ndoo waliwajua, pasi zake walizijua, mguu wake ulishapimwa. Miaka yote walikaa wakiangalia ukuta ule, na hapakuwa na hata mmoja aliyejua kama una mlango wa pili.

Mama Buli hakusubiri. Alivuka barabara bila kuangalia magari, akaweka mdomo kwenye upenyo wa geti, akamwita binti yake.

— Mama! Sauti ilitoka chini, karibu na ardhi. Huku nyuma kumejaa moshi. Wengine wamelala sakafuni, wanatapika.

— Mlango mwingine hakuna?

— Hakuna, mama. Ni huu huu.

Mlinzi akajisimamisha mbele ya kufuli.

— Mama, nisamehe. Likivunjwa, naulizwa mimi.

— Kisheria, akaanza Wakili, aliyekuwa ameshafika, mali ya mtu...

— Wakili, kama huna nyundo, nyamaza, akasema Mama Buli.

Fundi alikuja na nyundo yake ya kupigilia visigino, ikaruka mpini kwa pigo la kwanza. Dereva akarukia usukani. Alirudisha lori kinyumenyume, akafunga mnyororo kwenye geti, akavuta. Geti likang'oka upande mmoja na kulala kwenye vumbi.

Walitoka wanakohoa, macho mekundu. Wawili walibebwa na Kipaza na Fundi hadi kwenye kivuli, wakapepewa, wakamwagiwa maji, wakazinduka. Binti wa Mama Buli alitoka kwa miguu yake. Mama Buli alimshika shavu, akamgeuza huku na huku kama anayekagua nyanya sokoni.

— Twende nyumbani.

— Ngoja kwanza, mama.

Hakuna aliyeondoka. Walikaa kwenye mtaro wakilitazama lile tundu la geti. Mmoja akauliza kazi kesho ni saa ngapi.

— Usiku wezi watamaliza kila kitu, akasema binti.

Akasimama. Wenzake nao wakasimama, wa kukohoa wakikohoa, wakalibeba geti, wakalisimamisha mahali pake. Walimwomba dereva mnyororo, akawaachia huku anatikisa kichwa.

— Kazeni vizuri, binti akawaambia. Mashine zikiibwa, tumekwisha.

Jioni Mama Buli alipakua maharage. Alihesabu vichwa kabla ya sahani: bibi yao kwenye mkeka, mapacha wanasukumana, binti mkubwa ukutani, sauti imemkauka. Wote wapo. Binti ndiye aliyeombea chakula, kama kawaida yake.

— Na Bwana Ndoo, Mungu, mfungulie. Wamwachie arudi.

— Amina, wakasema watoto na bibi yao.

Mama Buli alimtazama binti yake, macho bado mekundu kwa moshi. Kisha akafumba yake.

— Amina, akasema. Kuleni.