Mfuko Usioingia Mkono

Basi lilikuwa nusu tupu, lakini fundi cherehani aliongea kama anahutubia uwanja. Alimfungulia jirani yake daftari la maoni ya wateja.

"Kaka, soma! Arobaini wameandika 'kazi nzuri', basi. Huyu mmoja kaandika mkono hauingii mfukoni. Miaka sita nakata mifuko midogo, hakuna aliyenitonya! Nimefurahi mpaka usingizi umenikataa."

Jirani, mpiga picha za harusi, alishtuka. "Chana huo ukurasa, dada. Utajiharibia jina."

"Kwani wewe wateja wako huwaulizi?"

"Nawauliza. Wakianza 'lakini', nakata simu."

Basi likasimama. Jamaa akainuka, akamwonyesha picha kwenye simu. Bibi harusi alikuwa kafumba macho. "Kali, eh?"

"Kali sana, kaka. Lakini..."

Jamaa keshateremka.