Bi Ufafanuzi Anastaafu, na Bado Tumemwachia Kazi

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka kumi na tisa ya kuwa msemaji wa mradi wetu wa programu huria, Bi Ufafanuzi anastaafu. Jina hilo tulimbandika sisi, ingawa kila alichofafanua tulikuwa tumekivuruga wenyewe.

Programu yetu hupanga miadi ya wagonjwa kwenye zahanati. Ni ya bure, na yeyote anaweza kuifungua na kuirekebisha. Mwanzilishi wake alipochoka kuamua kila kitu peke yake, alikabidhi maamuzi kwa baraza la kuchaguliwa. Basi, hakuna kilichouzwa! Lakini taarifa tuliiandika sisi mafundi, ndefu, neno “muundo” likijirudia hadi kichefuchefu, na magazeti yakafupisha: “Programu ya zahanati yapata wamiliki wapya.” Zahanati zikaanza kuiondoa. Waliokuwa wakijitolea wakasusa.

Bi Ufafanuzi alitufungia kwenye chumba cha mikutano. Utaratibu wake ulikuwa mmoja: kila taarifa alimsomea kwanza dada yake, fundi cherehani, kwenye simu, nasi tukisikiliza. Dada akiuliza, “Kwa hiyo mmefunga?” tunaanza upya. Aliuliza mpaka tukamchoka. Mhandisi wetu mkuu aling’aka kwamba yeye haandikii mafundi nguo. Bi Ufafanuzi alimjibu kwamba anayepanga foleni zahanati ni huyo huyo fundi nguo, si mhandisi mwenzake.

Hatimaye ilibaki hivi: programu bado ni ya wote na bado ni bure, zamani aliamua mmoja, sasa wanaamua saba waliochaguliwa. Dada akashangaa tulikuwa tunazunguka nini. Zahanati zilirudi.

Ungedhani tumejifunza. Wiki iliyopita, tukitaka kumfurahisha, tulitangaza kustaafu kwake bila yeye kujua, bila kumsomea mtu. Tukaandika “mabadiliko katika ngazi ya usemaji”. Gazeti likatoka na “Msemaji atimuliwa”. Dada yake akapiga simu akilia, akiuliza mdogo wake amekosa nini. Hivi sasa, vitu vyake vikiwa tayari kwenye maboksi, Bi Ufafanuzi anaandika ufafanuzi wake wa mwisho.

Bi Ufafanuzi, asante kwa kutuvumilia. Nenda ukale raha zako, simu ikae kimya. Safari hii, kabla ya kuchapa, tumemsomea dada yako. Ameuliza, “Kwa hiyo mnaogopa kubaki peke yenu?”

Hatujaanza upya.