Baba Pasi na Asubuhi Zake za Jumapili

Baada ya miaka thelathini na moja katika chumba cha kufulia cha hospitali yetu, Baba Pasi anastaafu rasmi Ijumaa hii, siku ya mwisho ya mwezi. Jina lake la kwenye kitambulisho analijua mhasibu peke yake. Sisi wengine, kuanzia daktari mkuu hadi mlinzi wa getini, tunamwita kwa mashine aliyoishi nayo.

Alianza kwa kusukuma matoroli ya mashuka machafu kutoka wodini, akahamia kwenye mashine za kufulia, kisha akakabidhiwa ile pasi kubwa ya mvuke ambayo watu wawili kabla yake waliikimbia. Yeye nayo waliivana. Ikianza kukoroma alijua ni mkanda. Ikinyamaza ghafla alijua mvuke umekata, na kabla fundi hajafika mambo yalikuwa yamekwisha. Mashuka yake yalitoka yamenyooka kiasi kwamba manesi wa wodi ya wazazi waliyaficha kabatini, wodi nyingine zisiyaone. Ubishi wa nani kayachukua uliwahi kufika hadi kwa matroni.

Tangu siku ya kuajiriwa alikuwa na sharti moja: asubuhi ya Jumapili ni ya ibada. Kwa kuwa wagonjwa hawachagui siku ya kuchafua shuka, sharti hilo alilitolea jasho. Jumamosi na sikukuu zote alifanya yeye, na Jumatatu alfajiri, mzigo ukiwa umerundikana hadi dirishani, ndiye aliyekuwa wa kwanza kuvaa aproni. Jumapili yake aliichukua dada wa mashine ya pili, ndiye anayeandika haya, ambaye wakati huo alikuwa na watoto wadogo na alitaka Jumamosi na sikukuu akae nao. Kila mmoja aliamini amempiga mwenzake bao.

Utani haukukosekana. Tulimuuliza kwa nini asisali nyumbani tu, maana Mungu yuko kila mahali na redio nayo inahubiri tangu kunapambazuka. Hakukasirika. Alimpa aliyeuliza shuka la kitanda kikubwa na kumwambia alikunje peke yake. Wengi waliliburuza sakafuni, na shuka likarudi kufuliwa. Hapo Baba Pasi alieleza kwamba hata yeye husali peke yake kila siku, ila kuna sala zinazotaka mtu wa kushika upande wa pili. Basi alishika upande wa pili, wakakunja, na mjadala ukaishia hapo hadi mbishi mwingine ajitokeze.

Miaka minne iliyopita alifiwa na mkewe. Maisha yao yote ya ndoa walikaa benchi moja kanisani, la tatu kutoka mbele, mama upande wa dirisha. Alirudi kazini akiwa mtu wa maneno mawili kwa siku. Kisha akaenda kwenye ubao wa zamu, akajiandika Jumapili asubuhi. Alisema hawezi kuingia mle tena. Benchi lile limekuwa refu mno.

Tulimhurumia, tukamwachia. Dada wa mashine ya pili naye alimhurumia, lakini alilifuta jina lake ubaoni. Akajiandika tena, likafutwa tena. Baba Pasi akanuna. Wiki nzima alimpa dada kisogo, wakawa wanaagizana sabuni kupitia kwa msimamizi.

Jumapili alikuja hivyo hivyo, ila mlinzi wa getini alikuwa ameshapangwa na dada. Alimzuia kwa heshima zote, akimwita baba na kumsihi asimtie matatani, na geti hakulifungua. Baba Pasi akabaki nje na suruali yake ya kazi, hasira zimempanda. Nyumbani hakukuwa na mtu. Ndipo miguu ikampeleka ilikozoea.

Jumatatu, wakiwa wanakunja, alimsimulia dada yote. Alikuta wako katikati ya wimbo. Nafasi ya mkewe ilikuwa na mtu: mama mshonaji aliyezoea kukaa benchi la nyuma alikuwa amehamia pale tangu siku ya mazishi, ili Baba Pasi akirudi asikute benchi tupu. Mama huyo alisogea tu na kumfungulia kitabu cha nyimbo. Baba Pasi akafumbua mdomo, sauti ikagoma. Wakaimba waliomzunguka hadi ubeti wa mwisho, na alipoketi alijiona kama naye ameimba. Alilia akisimulia. Dada naye alilia, na shuka lile ikabidi lirudi kwenye pasi. Tangu siku hiyo Baba Pasi hakujiandika tena Jumapili kwenye ubao.

Uongozi ulipomuuliza anataka zawadi gani ya kuagwa, tulitegemea atataja saa ya ukutani au godoro. Aliomba asubuhi za Jumapili, si zake, bali za dada wa mashine ya pili. Watoto wa dada wameshakuwa na nyumba zao, na yeye kila mwaka husema ataanza kwenda ibadani mwakani. Mwenzetu mpya wa pasi, anayesali Ijumaa, amekubali kwa moyo mmoja kuzibeba Jumapili. Dada atamshikia mashine Ijumaa mchana. Msimamizi ameshaandika ubaoni kwa wino usiofutika, maana anatujua.

Asante, Baba Pasi, kwa mashuka yaliyonyooka chini ya wagonjwa ambao hawakuwahi kukuona, na kwa kutuvumilia na maswali yetu. Tunakutakia maisha mema, afya tele, na ule usingizi wa Jumatatu alfajiri ambao hukuwahi kuuonja. Jumapili usikae katikati ya benchi. Wewe na mama mshonaji sogeeni kidogo. Dada wa mashine ya pili anakuja.